Bustani ya Wadi ya Nyuma

3 Februari

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo tena, maana ya kwanza ni yangu na ya pili ni ya mume wangu, ambaye ananichungulia begani na kuniambia nisimsahau. Mume wangu! Nimeliandika neno hili mara mbili sasa na bado nataka kuliandika tena. Leo tumetimiza wiki tatu.

Kikohozi kimeachia? Siku ya harusi nilikuwekea kiti mstari wa mbele. Shangazi wa mume wangu alipotaka kuweka mkoba wake pale nilimtolea macho mpaka akauchukua, na mimi hapo nina shela kichwani. Usijilaumu kwamba hukuja. Nilijua ungekuja hata kwa kutambaa kama ungeweza.

Nyumba yetu ina vyumba viwili na jiko, na viti havijapatikana, kwa hiyo tunakunywa chai tumesimama, bega kwa bega, kama watu wanaosubiri basi. Nadhani viti vikija nitavichukia. Wewe unajua yeye ni mpima ardhi. Jana aliniambia ameipima dunia yote na hajaona mahali pazuri kama pale ninaposimama mimi. Usicheke, mjomba. Mimi nililia.

Sasa jambo lenyewe. Dirisha la jikoni linatazama ubavuni mwa nyumba, kwenye ujia mwembamba kati ya ukuta wetu na ghorofa la jirani. Ameupima: mita mbili na sentimita ishirini kwa mita tisa. Una udongo mweusi unaonuka kutu, vipande vya matofali, beseni lililotoboka, na giza. Jua linaingia saa sita, linagusa ukuta kama mgeni aliyekosea nyumba, kisha linaondoka. Asubuhi ya kwanza nilipolifungua dirisha lile nilikuwa na furaha ya kupasua kifua, na bado nikahisi kama kuna msiba nyumba ya pili.

Nataka pawe bustani. Ni pale ninapotazama siku nzima akiwa kazini. Nimeshapanda mawaridi matatu mekundu: moja ni mimi, moja ni yeye, moja ni wewe. Umetunza bustani ya hospitali miaka thelathini na moja mpaka walipokustaafisha, kwa hiyo niambie nifanye nini, nami nitafanya neno kwa neno.

Mpwa wako mwenye furaha isiyo na aibu,
Chiriku


24 Februari

Chiriku,

Marahaba zote mbili. Mwambie Bwana Futi kwamba maneno yake ni mazuri, lakini mwanamume anayesifu mke kwa vipimo aangaliwe. Siku moja atakuja na kamba.

Hapa hatujambo. Paa la nyumba limevuja tena pembe ile ile. Fundi cherehani wa mlango wa pili anakusalimu na bado anasema gauni lako angelishona yeye lingekaa vizuri zaidi. Kikohozi kipo, tumezoeana.

Yang'oe mawaridi. Najua umeyapa majina, wewe ulikuwa ukiwapa majina hata kuku wa kuchinja. Yang'oe umpe mtu mwenye jua. Waridi kivulini halifi siku moja, linakaa miezi likikulaumu.

Halafu fanya hivi. Omba ruhusa kwa jirani, upake ukuta wake chokaa nyeupe, ili ule mwanga mdogo unaoingia urudi chini badala ya kumezwa. Matofali yaliyovunjika usiyatupe. Chimba kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko, yatandaze chini, maji yapate pa kwenda. Juu yake weka mboji iliyokomaa, isiyonuka. Kisha usipande kitu wiki mbili. Simama tu dirishani uangalie maji yanatuama wapi. Watu wengi wanapanda kwanza ndipo wanatazama.

Na usipigane na kivuli. Hakuna aliyewahi kukishinda.

Mimi nimerudi hospitali, tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Wadi ya nyuma, upande wa ule ujia nilioupanda kati ya wadi na jiko, uliokuwa ukicheza ndani yake ukiwa mdogo. Kwa hiyo swali lolote la kivuli uliza, ninacho mbele yangu. Barua tuma nyumbani kama siku zote, fundi cherehani ataniletea.

Mjomba


9 Machi

Mjomba wangu! Mjomba wangu!

Shikamoo, na hongera, hongera, hongera! Nilipofika kwenye maneno "nimerudi hospitali" nilipiga kelele mpaka mama wa ghorofani akatoa kichwa dirishani.

"Kuna nini huko chini?"

"Mjomba wangu amerudishwa kazini!"

"Mm," akasema, "na sisi tulalao tumekosa nini?" Akafunga dirisha.

Lakini nilijua! Nilijua hawatapata mtu mwingine wa kuutunza ujia ule. Mama alipofariki ukawa unanibeba kwenye toroli na majani makavu mpaka pale nyuma, na wagonjwa wananipungia mikono kutoka vitandani. Nilidhani wote wale ni wageni wako. Nimemwambia kila mtu. Nimemwambia mwenye duka, nimemwambia mkwe. Mume wangu peke yake ndiye aliyekunja uso kidogo akasema, "Mtu wa miaka sitini na minane wamemrudisha?" Nikamwambia wewe humjui mjomba wangu, yule akilala siku mbili majani yanamfuata nyumbani.

Kwetu ni heri tupu. Amenunua viti, viwili, na bado tunasimama. Mawaridi nimeyang'oa. Nililia kidogo kwa lile lililokuwa wewe, nikampa mwalimu anayekaa ng'ambo ya barabara. Jirani amekubali chokaa. Ukuta sasa ni mweupe, na chini yake giza limezidi kuonekana, kama shimo lililopewa fremu. Nimesimama dirishani karibu wiki sasa kama ulivyosema, na zote mbili nitazimaliza. Maji yanatuama chini ya mfereji wa bati, na mvua zimeanza.

Nipande nini? Nieleze unavyouona ujia wako, kila kitu na mahali pake, nami niuige. Na mwishoni mwa mwezi wa nne nitakuja nikuone ukiwa kazini. Usiniandalie kitu.

Chiriku wako


30 Machi

Chiriku,

Natumaini wote wawili ni wazima. Hapa paa bado.

Asante kwa hongera. Nilikaa na barua yako siku nne kabla ya kuchukua kalamu. Ni barua nzuri. Niliisoma kwa sauti na jirani yangu wa hapa, dereva mstaafu, akaomba irudiwe pale pa toroli.

Kazi si nzito. Wamenipa nguo mpya, ya kijani, inafungwa kwa kamba mgongoni. Aliyeibuni hakuwahi kuvaa nguo. Chakula wanatoa wao. Msimamizi wangu ni binti mdogo kuliko wewe, anapita asubuhi na jioni na daftari, na kila akipita ananiuliza nimeendeleaje. Nikisema vizuri, anaandika. Nikisema vibaya, anaandika.

Ujia wangu naueleza. Kushoto kuna ukuta wa jiko, una doa la moshi. Katikati limesimama bomba la maji, na nyuma ya bomba kuna yale majani yanayochanua kama manyoya ya jogoo. Bomba linaficha nusu yake. Kulia kuna yale majani ya masikio ya tembo, makubwa, yamefika mbali. Ukuta wa wadi unayakata, naona mawili na robo. Kwa chini majani yake ni meupe kama tumbo la samaki. Mbele kabisa, karibu na dirisha, kuna mnanaa, na siku ya mvua harufu inaingia ndani.

Manyoya yaweke mahali penye unyevu, si penye maji. Masikio ya tembo ndiyo yakae chini ya mfereji, yanapenda kulowa. Tangawizi nayo itakubali. Yapande yakiwa mbalimbali, upaone pabaya kwa muda.

Kuhusu safari, usije mwezi wa nne. Mimea ya kivuli ikishapandwa haiachwi miezi mitatu ya kwanza. Inataka mtu yule yule kila siku. Ukiondoka, umeanza upya. Kaa nayo.

Mjomba


18 Aprili

Mjomba mpenzi,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila nasema "sisi" kwa mazoea tu: mume wangu yuko porini siku ya kumi na moja, wanapima mpaka wa shamba kubwa. Ameacha shati lake mlangoni makusudi. Nalisalimia. Usimwambie mtu.

Mvua haikatiki. Nyumba nzima inanuka udongo. Bila yeye, mjomba, nyumba hii ni ndogo kwa namna nyingine. Naamka, nafungua dirisha la jikoni, na mwanga ni ule ule wa asubuhi mpaka jioni, kama siku imekataa kuamua. Nimepanda manyoya manne, mawili yameoza shingoni. Masikio ya tembo yamekubali. Tangawizi sijui, haisemi kitu. Ulisema nitapaona pabaya, na kweli ni pabaya. Mama wa ghorofani alitazama chini akaniuliza, "Hapo umezika nini, mwanangu?"

Lakini nimekaa nayo kama ulivyosema, ingawa nilishakunja nguo za safari. Nilizikunjua. Mwezi wa saba basi, miezi mitatu ikitimia.

Mbona bahasha yako ilipigwa muhuri wa posta siku nne baada ya tarehe ya barua? Na mwandiko wako umeanza kuteremka, kila mstari unaanza juu na kuishia chini. Nunua miwani, mshahara unao sasa! Nieleze tena ujia, mume wangu akirudi atanichorea ramani tufanye sawasawa.

Chiriku


6 Mei

Chiriku,

Salamu kwa wote. Mwandiko huu si wangu, mikono yangu ina udongo, kwa hiyo namtajia msimamizi wangu naye anaandika. Ana mwandiko mzuri na haulizi maswali.

Dereva aliyekuwa jirani yangu ameondoka. Mahali pake pamewekwa mtu asiyependa barua.

Manyoya yaliyooza ulifukia shingo. Shingo ikae juu ya udongo. Tangawizi iache, inafanya kazi chini.

Ujia uko vile vile. Bomba linaficha nusu ya manyoya. Masikio ya tembo ni mawili na robo, lile robo limeanza kugeuka njano, naliona kwa chini likipitisha mwanga. Mpishi amemwaga maji ya moto karibu na mnanaa. Nilimpigia kelele, hakusikia.

Mwezi wa saba ni mbali. Tutaona.

Mjomba


21 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimeandika salamu za nyumbani, nikazikata. Mume wangu amerudi salama, basi.

Juzi jioni, baada ya chakula, alitoa karatasi yake ya kazini, rula na penseli akasema, "Haya mke wangu, leo tunaichora bustani ya mjomba. Nisomee kila anachokiona, kimoja kimoja." Nilifurahi sana. Nilikaa mkono wa kiti chake. Nikasoma barua ya Machi, akachora ukuta wa jiko, bomba, manyoya nyuma ya bomba. Nikasoma ya Mei, akachora tena. Alivuta mstari kutoka kwenye manyoya kupitia bomba. Akavuta mwingine kutoka kwenye masikio ya tembo kupitia pembe ya ukuta. Kisha akaacha penseli.

"Soma tena pale pa bomba," akasema.

"Bomba linaficha nusu ya manyoya."

"Hiyo ni ya Mei?"

"Ya Mei. Na ya Machi pia."

"Na masikio mawili na robo, zote mbili?"

"Zote mbili. Kwani nini?"

Alipima tena mistari yote miwili kwa rula. Halafu akanishika mkono, akaweka kidole changu mahali mistari inapokutana. Si bustanini, mjomba. Ni ndani ya wadi, hatua moja kutoka dirishani.

"Mtu anayetembea na toroli," akasema, "akisogea hatua mbili bomba halifichi tena kitu. Na anaona majani kwa chini, kwa hiyo macho yake yako chini sana, kama kimo cha mto wa kitanda. Mpenzi, huyu mtu hajasogea tangu mwezi wa tatu."

Nikamwambia amekosea. Nikamwambia maneno mabaya ambayo sijawahi kumwambia. Kisha nikaenda jikoni nikasoma barua zako zote nimesimama, na nguo ya kijani inayofungwa mgongoni ikanijia kama kofi.

Nilipiga kelele dirishani kwamba umerudishwa kazini. Nilikuambia hongera mara tatu.

Mjomba, uko kitanda cha ngapi?


3 Juni

Chiriku,

Kitanda cha tisa. Nimeandika mwenyewe, ndiyo maana mistari inateremka. Karatasi iko juu ya goti.

Mpe Bwana Futi heshima yake. Nilidhani nimekuficha kwa maneno, kumbe bomba linasema.

Ni mapafu. Kilikuwa kikohozi mpaka Februari, halafu kikapewa jina lingine. Daktari amenieleza vizuri, kwa upole, akiwa amekaa, na daktari akikaa unajua. Anasema si la kukata kwa kisu wala la kuchoma kwa mionzi. Ananipa dawa ya maumivu, na ninapumua kwa mpira siku ambazo hewa ni nzito. Hawezi kusema ni lini. Nilimuuliza mwezi wa saba, akatazama nje.

Nilipokuandikia kwamba nimerudi hospitali sikukudanganya. Nilidhani utaelewa. Kisha ikaja ile barua yako ya kelele na hongera, nikaanza kuandika kukusahihisha, nikashindwa. Kila anayekuja hapa ananiuliza nimelalaje. Fundi cherehani anakaa pale mwisho wa kitanda, ananitazama miguu. Wewe peke yako ulikuwa unaniuliza nipande nini. Kwa barua zako nilikuwa na kazi, Chiriku. Nikiamka nilikuwa na kitu cha kutazama ili nikueleze.

Pale pa miezi mitatu ndipo nilikudanganya. Mimea ya kivuli haijali mtu akienda wiki moja. Nilitaka ukae na mumeo mwanzoni mwa ndoa, ukinywa chai umesimama, usije kunishika mkono katika wadi inayonuka dawa. Mama yako alipokuwa kitanda cha namna hii ulikuwa na miaka sita na ulikaa chini ya kitanda siku nzima. Sikutaka tena. Lakini sikuwa na haki ya kukuamulia, na nimekupotezea miezi. Hilo ndilo linalonikaa kifuani kuliko hili lingine.

Sisemi uje. Wala sisemi usije.

Mjomba


12 Juni

Mjomba,

Barua yako imefika leo asubuhi. Mume wangu amenikatia tiketi kabla sijamaliza kuisoma. Naondoka Jumatatu, nafika kwako Jumatano tarehe 17 mchana. Naye atakuja Jumamosi akimaliza ule mpaka.

Sina hasira. Ninayo, lakini nitakuja nayo, tutagombana hapo hapo.

Usinijibu. Barua yako itanikuta nimeshaondoka.

Chiriku


17 Juni, asubuhi

Chiriku,

Umesema nisijibu. Hii haiendi posta. Namtajia binti wa daftari, ataiweka chini ya mto wangu, na amekula kiapo kukupa mkononi ukiingia.

Barua yako fundi cherehani aliniletea jana. Tangu hapo nimekuwa nikihesabu. Leo wameniongezea ile dawa, na ikiingia inanivuta, sijui nitakuwa macho saa ngapi. Jana nililala kuanzia chai mpaka jioni. Wanasema ni vizuri, mgonjwa apumzike.

Utakuta mlangoni kibao cha saa za kutazama wagonjwa. Usikisome. Utamkuta mwuguzi wa mchana, mnene, mwenye sauti ya chini, atakwambia, "Mzee amelala, mwache kidogo, kaa kwenye benchi." Ni mtu mwema na anamaanisha vizuri. Usikae kwenye benchi.

Nimekuzuia miezi mitatu kwa maneno yangu. Sitaki usingizi wangu ukuzuie hata dakika kumi. Kitanda cha tisa, kushoto. Niite kwa sauti ile ile uliyompigia mama wa ghorofani. Kama sikusikia, nivute sikio. Kama mkono wangu ni wa baridi usiogope, ni wa baridi tangu wiki iliyopita, vuta tu.

Niamshe.